Kuku wanaitana shoga, wazee wamenijia juu

Assalaam alaykum Bibi, na shikamoo.

Mimi ni mwalimu wa maandalizi hapa Pemba, upande wa Wete. Nina watoto 34, wa miaka 4 na 5. Vitabu vya hadithi tulivyonavyo darasani havifiki kumi, na viwili vimeshatoka majalada. Mwaka huu nikasema basi, naandika mwenyewe. Bibi yangu mzaa mama, Mungu amrehemu, alikuwa akitutolea hadithi usiku huku anasuka ukili, nikaichukua moja. Ndugu yangu akanichorea picha, nikenda duka la fotokopi nikatoa nakala 40, nikazibana kwa stapla usiku mmoja. Pesa ni zangu.

Hadithi ni fupi. Kuku wawili, mmoja mweupe na mmoja wa kishingo, wanaibiwa mayai kila siku na Bwana Chongo. Wanakwenda kumlilia mbuzi. Mbuzi anawaambia wasihuzunike, anakula majani ya mfenesi mpaka tumbo linamjaa, halafu usiku anamwaga mavi njia nzima inayokwenda bandani. Bwana Chongo anakuja ananyata, anateleza, anabiringika mpaka ndani ya shimo la kuozeshea makumbi ya nazi. Imekwisha. Ndugu yangu kamchora vizuri sana, jicho moja kalifanya duara na jengine kalipiga mstari tu. Na neno mavi, nakiri, nimelitia mara 5, kwa sababu kila nikilitaja wanacheka.

Watoto wanaipenda mpaka wananichosha. Kila siku ni "Mwalimu, ya kuku!" Bwana Chongo akizama kwenye makumbi darasa zima hoi. Labda mmoja tu ndiye simwoni akicheka, mtoto mpole wa kukaa nyuma, ana chamba jicho la kushoto. Lakini huyo hata nyimbo haimbi sana.

Kosa langu, nikawapa wende navyo nyumbani. Jumatatu yakaanza. Baba wa mtoto mmoja, kahamia kikazi kutoka bara, kaja na kitabu mkononi, kafungua pale kuku mweupe anaposema "Shoga yangu, leo tena!" Akaniuliza kwa sauti ya chini, kwa adabu kabisa, kama neno hilo najua maana yake. Nikamwambia najua, ndivyo ninavyomwita mwalimu mwenzangu kila asubuhi. Akatikisa kichwa. Mama mmoja yeye kachukizwa na mavi. Kwake neno hilo halitamkwi, na sasa mwanawe kalitamka mbele ya sinia la wali, wageni wapo. Wa tatu ni mtu wa hapa hapa. Anasema kuku wangu wanazungumza Kipemba, "ntu huyu", "nkono wake", na yeye hakumleta mtoto skuli kujifunza kishamba, hicho anakipata bure nyumbani.

Mwalimu mkuu kanambia nirekebishe au nivikusanye. Nikachukua kalamu nzito nyeusi, nikafuta shoga, nikafuta mavi, nikafuta kila penye Kipemba, nakala zote 40. Kesho yake nawakuta watoto watatu dirishani wameinua ukurasa juani, wanatafuta kilichofutwa. Mmoja wao hata kusoma hajui. Anawauliza wenzake, "Pameandikwa nini hapo?"

Mume wangu anasema niwapuuze. Mama yangu anasema niandike upya kwa Kiswahili cha redioni. Bibi, maneno gani yanafaa kitabu cha mtoto mdogo, na nani wa kuamua?

Mwalimu wa Wadogo, Wete


BIBI ANAJIBU

Marahaba mwanangu, wa alaykumu salaam.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka, hasa hapo dirishani. Mara ya pili kuna pahala nilisita, na nitapafikia. Kwanza tuwapitie hao watatu, kwani kila mmoja kaja na jambo lake, wala hayafanani, ingawa wewe umeyafuta yote kwa kalamu moja.

Tuanze na shoga. Kwetu mwanamke humwita mwenzake shoga tangu sote hatujazaliwa. Askofu Edward Steere, aliyekuwa Unguja karne ya 19 akikusanya maneno na hadithi za watu wa hapa, aliliandika kuwa ni neno la wanawake kuitana. Mama yangu alikuwa na mashoga wanne. Wakiazimana dhahabu za kwendea harusini na wakigombana kwa ajili ya hizo hizo dhahabu, na nilipozaa mtoto wa kwanza hao ndio waliokesha nami. Sitokubali leo niambiwe kuwa walikuwa wakitukanana.

Lakini yule baba naye hakukosea. Alikotoka yeye, mwanamme akiitwa hivyo panaweza kuzuka ngumi. Mwanawe siku akenda likizo kwao, akamwita binamu yake shoga mbele ya watu, atakayeaibika ni mtoto, si wewe. Na kaja kwa sauti ya chini, hakukusimanga mbele ya darasa. Mtu kama huyo hajibiwi kwa "sisi ndivyo tunavyosema". Mweleze kwa kituo. Mwambie hapa ni neno la wanawake peke yao, na kuku wako wote wawili ni matembe, mayai ndiyo ushahidi. Kisha mwombe yeye mwenyewe amwambie mwanawe kwamba kwa babu yake bara neno hili halisemwi. Mtoto wa miaka 5 anajua nyumba ipi akiingia anaruka kitandani na nyumba ipi anakaa mkekani kimya. Hili nalo halimshindi.

Shoga libaki. Ukija siku moja kukitoa kitabu hichi kiende Dar es Salaam, badilisha, andika "mwenzangu". Hichi ulichokibana kwa stapla ni cha watoto wa Wete.

Sasa mavi. Hapa sina budi kukwambia kwamba wazee wetu, hao hao wa kanzu na kofia, hukaa barazani wakasema "Kunya anye kuku, akinya bata kaharisha", na hakuna anayeziba masikio. "Mavi ya kale hayanuki" nayo imo vitabuni. Kiswahili hakina uoga wa neno hili. Kinachokataa ni kumrushia mtu. Mavi yakiwa chini ni mavi ya mbuzi. Mtu akiambiwa ndiye, hapo ni tusi, na tusi halina nafasi kwenye kitabu cha mtoto hata likitiwa kinywani mwa fisi. Mbuzi wako kayaweka njiani, tena kwa kazi maalumu. Ukiyaondoa, mwizi hatelezi, na ukiandika "uchafu" mtoto atakuuliza uchafu gani, utalitaja tu.

Ila mara 5 ni nyingi, na mwenyewe umeshakiri kwa nini. Ulikuwa unafuata kicheko. Nakujua kwa sababu nilikuwa hivyo hivyo: mwalimu akigundua neno linalochekesha hulikamua mpaka lile la mwisho halina ladha. Liweke mara moja, pale linapomwagwa, halafu lisirudi. Bwana akiteleza, andika "akateleza", basi. Watoto wenyewe watapiga kelele kateleza juu ya nini. Hiyo ndiyo raha ya hadithi, wao wanajua, yeye hajui. Na yule mama utakuwa umempunguzia mara 4. Nyumba yake ina miiko yake na hiyo ni haki yake. Mpe na neno la kumfundishia mwanawe, "choo", aseme hilo sinia likiwa mbele. Mtoto akijua neno la bandani na neno la mezani, huyo ndiye tunayesema ana adabu ya maneno.

Nikiwa hapo hapo, niseme jambo halijaulizwa. Tafsida ni nzuri mpaka pale inapomnyima mtoto neno. Nimewahi kuwa na watoto darasani ambao kila kiungo cha chini ya kitovu walikijua kwa jina la "kile". Mtoto wa "kile" akiumwa hawezi kusema anaumwa wapi, na akiguswa na mtu mbaya hana la kumwambia mama yake. Si lazima yawe maneno ya sokoni, lakini awe nalo lake moja linaloeleweka.

Huyo wa tatu, wa kishamba, kaniudhi kidogo. Kiswahili hichi tunachokiita sanifu nacho kilikuwa maneno ya watu wa mahali. Mwaka 1928 palikuwa na mkutano Mombasa, wakakaa wakachagua Kiunguja cha mjini kiwe msingi wa Kiswahili cha skuli kwa Tanganyika, Zanzibar, Kenya na Uganda, na 1930 ikaundwa kamati ya kukisimamia. Waliochagua walikuwa na sababu zao. Haina maana kwamba waliobaki nje ya uchaguzi huo hawakuwa na lugha. BAKIZA wenyewe, Baraza la Kiswahili la Zanzibar, ambao kazi yao ni Kiswahili fasaha, wametoa kamusi la Kipemba. Huyo bwana kama ana shaka, akalifungue.

Hata hivyo kuna kitu cha kweli ndani ya lalamiko lake, ingawa si hicho alichokisema. Mtoto wa miaka 5 ndiyo kwanza anajifunza kwamba herufi hii ina sauti hii. Leo asome "mkono" ukutani kwenye chati yako, kesho asome "nkono" kwenye kitabu chako, keshokutwa "mkono" tena. Atadhani ni mikono miwili tofauti. Basi gawa. Msimulizi aseme Kiswahili cha chati. Kuku na mbuzi waseme kama bibi yako, ndani ya alama za kunukuu tu, na tahajia yao iwe moja kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Watoto wataliona upesi kuliko unavyodhani: pakifunguliwa alama zile, sauti inabadilika. Na mtoto akisoma "mkono" kwa kutamka "nkono", kasoma sawa, usimrudishe nyuma.

Kwa vile nyote mnatazama matusi, hakuna aliyetazama urefu. Umeniandikia habari ya hadithi tu, maneno yenyewe sijayaona, lakini sisi wenye Kiswahili cha kuzaliwa tuna tabia ya kulibebesha kitenzi kimoja mzigo wa punda. "Alipokwishamkaribia" lina silabi 10. Mtoto akifika mwisho, mwanzo keshausahau. Andika "Akaja. Akaja. Akafika karibu." Unaona pia kwamba hapo mtoto anapata kurudia, na kurudia ndiko kunakomfundisha kusoma. Bibi yako alijua. Kila hadithi yake lazima ilikuwa na pahala pa kuitikia, si paukwa pakawa peke yake.

Sasa nije pale niliposita.

Watu watatu wamekuja kukulalamikia, na wa nne hakuja. Hawezi kuja, ana miaka 5. Umemtaja mwenyewe kwa mstari mmoja kisha ukampita: mtoto mpole wa kukaa nyuma, ana chamba jicho la kushoto, hacheki. Kitabu chako kina mwizi mmoja. Mwizi huyo hana jina ila jicho lake. Ndugu yako kamchora jicho moja duara na jengine mstari. Na kila siku, kwa ombi la darasa, huyo mwenye jicho hilo anatumbukizwa kwenye shimo linalonuka na watoto 33 wanacheka. Mwanangu, wewe ungecheka?

Sikulaumu kwa ubaya. Hadithi umeipokea hivyo kwa bibi yako, naye kwa bibi yake, na zamani watu wakiitana kwa vilema vyao mchana kweupe, Chongo, Kiguru, Kibiongo, na baadhi yao wakiitika. Mwenyewe nimefanya baya zaidi. Nilifundisha darasa la kwanza Unguja kwa miaka mingi, na mwaka mmoja nilikuwa na hadithi ya kobe mwenye kigugumizi. Haikuandikwa pahala, niliitunga kichwani, na nilikuwa fundi wa kuigiza: "Ng-ng-ng-ngoja!" Darasa likivunjika mbavu. Palikuwa na mtoto mmoja mwenye kigugumizi, na nilijua anacho, lakini Wallahi sikuwahi kuviweka viwili hivyo pamoja. Baada ya siku chache akaacha kuomba ruhusa ya kwenda msalani. Kunyamaza kulimwia rahisi kuliko kusema "Mwalimu, naomba" huku wenzake wanamsubiri akwame. Haja ikamtoka akiwa amekaa jamvini, mbele ya wote. Nikamgombeza! Mama yake ndiye aliyekuja kunambia kwamba njiani wanamwita Kobe.

Katika kobe wangu hapakuwa na neno chafu hata moja. Ungelipeleka kwa mwalimu mkuu wako angelipiga muhuri.

Kwa hiyo ukiniuliza maneno gani yanafaa, sikupi orodha, maana neno peke yake halikwambii kitu. Angalia linampiga nani. Mavi yako hayampigi mtu, labda mbuzi. Shoga haimpigi mtu ikiwa imeelezwa. Chongo inampiga mtoto unayemjua jina, anayekaa mita tatu kutoka ulipo. Kiswahili kilishaliona jicho hili zamani: mwenye kupenda, chongo huita kengeza. Watu huisema methali hiyo kama kwamba mapenzi ni upofu. Mimi nikiwa mwalimu naisoma vyengine, kwamba jicho ni lile lile na mwenye kuliita ana hiari ya jina.

Wala usije ukanielewa kwamba watu wenye chongo wasiwemo kabisa kwenye hadithi. Wawemo! Mpe mbuzi jicho moja, yeye ndiye mwenye akili humo. Au asitajwe jicho lake, achorwe tu. Na tunapowataja watu, tuseme lile wanalotaka wenyewe kuitwa. Zeruzeru lilikuwa likiandikwa bila wasiwasi, leo tunasema mtu mwenye ualbino, na ulimi haukukatika.

Haya, kazi yako ya Jumamosi. Zile nakala 40 usizitupe. Nunua gundi na karatasi nyeupe, kata vipande vyembamba, andika upya kwa mkono wako, bandika juu ya weusi wote ule. Karatasi iliyobandikwa vizuri haionyeshi juani. Shoga irudi. Mavi yarudi mara moja. Kipemba kirudi vinywani mwa kuku. Na mwizi apewe jina la kazi yake: mwite Bwana Mdokozi, mana yai la mwenzio kulichukua ndio kudokoa, na watoto wenu wanalijua neno hilo, kila mmoja keshaambiwa jikoni.

Picha ni rahisi kuliko yote. Ile kalamu nzito nyeusi uliyofutia, mpe ndugu yako. Juu ya ule mstari apige duara, atie nukta katikati, mara 40 au zaidi kama kamchora kurasa nyingi. Bwana atakuwa na macho mawili na bado atateleza.

Usimwite yule mtoto mbele ukamwambia umebadilisha kwa ajili yake, utamrudisha kule kule. Soma tu kama kawaida. Wenzake watapiga kelele kwamba si Mdokozi, ni Chongo. Waambie mlimkosea jina, mlimdhania kwa sababu ilikuwa usiku. Itachukua siku nne tano wazoee. Wewe tazama nyuma, kimya kimya.

Na mwalimu mkuu mwonyeshe kabla hujagawa upya, ukurasa kwa ukurasa, umwambie lipi umeliacha na kwa nini. Wakuu hawapendi kusikia ya kitabu kutoka kwa mzee aliyekasirika mlangoni. Yule baba wa bara pia mpelekee nakala mkononi, usimtumie mtoto.

Kisha nami niwekee moja. Mpe yeyote anayepanda boti kuja Unguja. Nina hamu ya kumwona huyo kuku wa kishingo.

Bibi yako